Unyemeleaji Mtandaoni: Utambue, Ijue Sheria, Jilinde

Chukua mfano wa binti wa miaka 23 anayeuza viatu vya mitumba Khayega. Biashara yake iko sokoni na iko kwenye simu pia. Kila asubuhi huweka picha za viatu kwenye WhatsApp pamoja na nambari yake, na wateja humpigia. Mwezi wa tatu, mwanamume mmoja alinunua jozi moja ya raba. Wiki iliyofuata alituma salamu usiku. Binti alijibu kwa adabu, kwa kuwa mteja ni mteja. Mwezi wa nne jumbe zilikuwa zimefika ishirini kwa siku. Alipoacha kujibu, zilianza kuja kwa nambari nyingine. Kisha dada yake naye akaanza kutumiwa, na baadaye jirani anayepanga naye ploti moja. Siku moja ukaingia ujumbe mfupi: "Leo umevaa sweta ya kijani. Imekupendeza." Siku hiyo binti hakuwa ameweka picha yake popote.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini hakuna kilichomo ndani yake kisichotokea. Anapowaeleza watu wa nyumbani, jibu huwa moja kati ya mawili: "Badilisha laini," au "Mnyamazie tu, atachoka." Ushauri wa kwanza unamnyima binti wateja wake. Wa pili unamwacha na hofu yake. Kuna njia ya tatu, nayo ina sheria nyuma yake. Makala haya yanaeleza njia hiyo.

UNYEMELEAJI MTANDAONI NI NINI?

Kunyemelea ni kumwendea mtu polepole bila yeye kujua, kama paka anavyomwendea panya. Unyemeleaji mtandaoni ni mtu kumfuatafuata mwenzake kwa kutumia simu, kompyuta au mitandao ya kijamii, mara kwa mara, bila kutakiwa, hadi anayefuatwa aingiwe na hofu au maisha yake yavurugike.

Katika maelezo hayo kuna alama tatu za kushika. Ya kwanza ni kurudiarudia. Ujumbe mmoja wa matusi ni utovu wa adabu, na unaweza kuwa kosa, lakini unyemeleaji ni mwenendo, si tukio la mara moja. Ya pili ni kutotakiwa: anayefuatwa amesema hapana, au amenyamaza kwa namna ambayo mtu yeyote mwenye akili timamu angeielewa. Ya tatu ni hofu au madhara: mtu anaacha kupita njia fulani, anazima simu, anaogopa kwenda kazini, halali usiku.

Mwenendo huu hujitokeza kwa sura nyingi:

• Simu na jumbe zisizokoma, hata baada ya kukatazwa, na kubadilisha nambari kila anapozuiwa.
• Kufungua akaunti bandia kwa jina na picha ya mtu mwingine, kisha kuomba pesa au kuandika mambo ya aibu kwa jina hilo.
• Kuingia katika akaunti ya mtu kwa siri na kusoma mazungumzo yake.
• Kuweka programu ya kupeleleza kwenye simu ya mke, mume au mpenzi ili kujua yuko wapi na anaongea na nani.
• Kutishia kusambaza picha za faragha, au kuzisambaza, mara nyingi baada ya uhusiano kuvunjika.
• Kuanika nambari ya simu, mahali pa kazi au nyumba ya mtu ili wengine wamsumbue.
• Kuwaandikia jamaa, mwajiri au wateja wa mtu ili kumchafulia jina.

Ni muhimu pia kujua yasiyo unyemeleaji. Anayekudai akikukumbusha deni kwa heshima hajakunyemelea. Mkaazi anayeuliza mtandaoni kwa nini barabara ya wadi yake haijakamilika, au anayemkosoa mwakilishi wadi, gavana au afisa yeyote wa umma kuhusu kazi yake, anatumia haki aliyopewa na Kifungu cha 33 cha Katiba. Sheria hizi hazikuwekwa ili kuwanyamazisha wananchi.

NANI HUNYEMELEWA, NA NANI HUNYEMELEA?

Wengi hudhani mnyemeleaji ni mgeni aliyejificha mbali. Mara nyingi ni mtu anayefahamika: mpenzi wa zamani, mume aliyetengana na mkewe, mwanafunzi mwenza, mteja, hata jamaa. Ndiyo maana anajua jina la mtoto, saa za kazi na jibu la swali la siri la akaunti.

Wanaume kwa wanawake hupatwa na jambo hili, lakini wanawake na wasichana hubeba mzigo mkubwa zaidi. Utafiti wa shirika la Pollicy uliochapishwa mwaka 2020 uliwahoji wanawake 3,306 katika nchi tano za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo. Asilimia 28 walisema walikuwa wamepitia dhuluma ya aina fulani mtandaoni. Hiyo ni zaidi ya mwanamke mmoja katika kila wanne.

Hofu ya mtandaoni haibaki mtandaoni. Anayejua rangi ya sweta yako amekaribia mlango wako. Tarehe 27 Januari 2024, maelfu ya Wakenya waliandamana Nairobi na katika miji mingine kupinga mauaji ya wanawake. Somo moja la kipindi kile ni kwamba dalili za mapema hazifai kuchukuliwa kama mapenzi yaliyozidi. Mtu anayekutumia jumbe hamsini kwa siku baada ya kuambiwa hapana hakupendi kupita kiasi. Anataka kukutawala.

SHERIA INASEMA NINI?

Katiba ya 2010 ndiyo msingi. Kifungu cha 28 kinalinda heshima ya kila mtu, na Kifungu cha 31 kinalinda faragha yake, yakiwemo mawasiliano yake. Chini ya Katiba kuna sheria kadhaa ambazo mwathiriwa anaweza kuzitegemea.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni, 2018. Hii ndiyo sheria kuu. Haikutumia neno unyemeleaji. Kosa lenyewe liko katika kifungu cha 27, kinachohusu unyanyasaji wa mtandaoni. Kinamlenga mtu ambaye, peke yake au pamoja na wengine, huwasiliana kwa makusudi na mtu au na watu wanaomjua mtu huyo, hali akijua au akipaswa kujua kwamba mwenendo wake unaweza kuwatia hofu ya kudhuriwa au ya kuharibiwa mali, au unamletea mwathiriwa madhara, au ni wa aibu na matusi makubwa. Adhabu iliyoandikwa ni faini isiyozidi shilingi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au yote mawili.

Angalia maneno "watu wanaomjua". Yule mteja wa Khayega alipohamia kwa dada na jirani, hakutoka nje ya mipaka ya sheria. Alizidi kuingia ndani yake.

Vifungu vingine vya sheria hiyo vinakamilisha picha. Kuingia katika simu, kompyuta au akaunti ya mtu bila idhini ni kosa chini ya kifungu cha 14, na adhabu yake inaweza kufika faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miaka 3, au vyote viwili. Kutumia kwa hila nenosiri au utambulisho wa mtu mwingine ni kosa chini ya kifungu cha 29: faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kusambaza picha za faragha za mtu mwingine ni kosa chini ya kifungu cha 37: faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Kifungu hicho hakimlengi aliyeanza peke yake. Anayepokea picha kwenye kundi la WhatsApp na kuipeleka kwa kundi lingine, hata akisema "oneni dunia ilipofika", naye amesambaza.

Kanuni ya Adhabu. Sheria hii ya zamani bado ina nguvu. Kumtumia mtu ujumbe wa kutishia kumuua ni kosa chini ya kifungu cha 223, na adhabu inaweza kufika miaka 10. Vitisho vingine vya kumtia mtu hofu vinashughulikiwa na kifungu cha 238, chenye kifungo cha hadi miaka 3. Haijalishi kama tishio limesemwa sokoni au limeandikwa kwenye simu.

Sheria ya Kulinda Watu Dhidi ya Dhuluma za Kinyumbani, 2015. Sheria hii inataja kumfuatafuata mtu, kumsumbua na kumtisha kuwa aina za dhuluma. Haihusu waliooana na kuishi pamoja tu. Waliowahi kuoana, waliochumbiana na waliozaa pamoja pia wanalindwa. Mwathiriwa anaweza kuiomba mahakama amri ya ulinzi bila kusubiri mtu afungwe.

Sheria ya Kulinda Data, 2019. Nambari yako ya simu, picha yako na nambari ya kitambulisho ni mali yako, hata baada ya kuiandika kwenye kitabu cha wageni langoni. Mlinzi anayeichukua nambari hiyo na kukupigia usiku amekiuka faragha yako, na taasisi iliyokuandikisha ina wajibu wa kuilinda. Malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Data, ambaye sheria inamtaka achunguze na kumaliza katika siku 90. Septemba 2023, Kamishna aliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia nambari za watu ilizozichota na kuwatumia jumbe za vitisho. Kwa hivyo anayekopa kwa simu, na hata rafiki yake ambaye jina lake lilikuwa tu kwenye orodha ya simu, ana pa kushtaki.

MIPAKA YA SHERIA: KESI ZA KUKUMBUKA

Mkaazi anafaa pia kujua kwamba sheria za mtandao zimepitia mahakamani, na kwa sababu nzuri. Kabla ya 2016, polisi walitumia kifungu cha 29 cha Sheria ya Mawasiliano ya Kenya, kilichoharamisha matumizi yasiyofaa ya chombo cha mawasiliano. Tarehe 19 Aprili 2016, katika kesi ya Geoffrey Andare, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu alikifuta kifungu hicho. Sababu kubwa ilikuwa kwamba maneno yake yalikuwa mapana mno: mtu hangeweza kujua mapema ni kipi kinaruhusiwa na kipi ni kosa.

Sheria ya 2018 ilipotoka, Chama cha Wanablogu kilikwenda kortini, na Mei mwaka huo vifungu 26 vilisitishwa. Tarehe 20 Februari 2020, Jaji James Makau aliitupilia mbali kesi hiyo na vifungu vikarudi kutumika. Mwaka 2025 sheria ilifanyiwa marekebisho, yakiwemo ya kifungu cha 27 kuhusu mwenendo unaoweza kumfanya mtu ajitoe uhai. Rais alitia saini tarehe 15 Oktoba 2025. Tarehe 22 mwezi huo huo Mahakama Kuu ilisitisha kwa muda baadhi ya vipengele vya kifungu hicho, kesi ikisubiri kusikizwa, kwa hoja kwamba vingeweza kutumiwa dhidi ya watu wanaotoa maoni tu.

Je, hilo linamwacha mwathiriwa bila ulinzi? La. Kazi yake si kuchagua kifungu. Kazi yake ni kupiga ripoti na kuleta ushahidi. Wapelelezi na waendesha mashtaka ndio huamua mashtaka, na kama ilivyoonyeshwa hapo juu, sheria ya vitisho, ya kuingilia akaunti, ya picha za faragha na ya dhuluma za kinyumbani zote zipo.

IKIWA UNANYEMELEWA: HATUA SITA

1. Sema hapana mara moja, kisha nyamaza. Andika ujumbe mmoja ulio wazi: "Sitaki uwasiliane nami tena kwa njia yoyote." Usieleze sababu, usitukane, usitishie. Ujumbe huo ni ushahidi kwamba alijua hatakiwi. Baada ya hapo usijibu tena. Ukijibu simu ya arobaini, umemfundisha kwamba arobaini ndiyo bei. Ikiwa mtu huyo amewahi kukupiga au ametishia kukuua, usimjibu kabisa. Nenda moja kwa moja hatua ya nne.

2. Hifadhi ushahidi kabla ya kumzuia. Kosa la wengi ni kufuta jumbe kwa hasira au kwa aibu. Piga picha za skrini zinazoonyesha nambari au jina la akaunti, tarehe na saa. Nakili anwani ya ukurasa au akaunti. Hifadhi sauti na orodha ya simu zilizopigwa. Tuma nakala kwa mtu unayemwamini. Kisha chukua daftari, hata la shilingi ishirini, na uandike: siku, saa, kilichotokea, nani aliona. Simu yenyewe usiiuze wala kuifuta. Sheria ya Ushahidi, katika vifungu vya 78A na 106B, inaruhusu ushahidi wa kielektroniki, lakini huhitajika cheti kinachoeleza picha hizo zilitolewaje na kwenye kifaa gani. Mpelelezi au wakili atakusaidia kukiandika.

3. Mzuie, ripoti akaunti, funga milango. Ukishahifadhi, zuia nambari na uripoti akaunti kwa mtandao husika. Kama ni picha za faragha za mtu mzima, huduma ya StopNCII.org, inayotolewa bila malipo, hutengeneza alama ya kidijitali ya picha ukiwa na simu yako mwenyewe. Picha haitoki kwenye simu. Alama hiyo hupelekwa kwa mitandao inayoshiriki, na mitandao huitumia kuizuia picha isipakiwe. Kwa mtoto wa chini ya miaka 18 kuna huduma kama hiyo iitwayo Take It Down.

4. Piga ripoti polisi. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu, uombe dawati la jinsia ukitaka, na hakikisha unapewa nambari ya OB. Bila nambari hiyo, ripoti yako ni mazungumzo tu. Beba simu, daftari na kitambulisho. Eleza kwa mfuatano: ilianza lini, ulikataza lini, ni nini kilichokutia hofu. Uchunguzi unaohitaji utaalamu wa kidijitali hufanywa na Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI. Ukiambiwa "haya ni mambo ya mapenzi, nendeni mkasuluhishe", omba kumwona mkuu wa kituo. Usipohudumiwa bado, Mamlaka ya IPOA hupokea malalamiko dhidi ya polisi.

5. Iombe mahakama amri. Kifungu cha 27 cha sheria ya 2018 kinaruhusu maombi ya amri ya kumzuia aliyeshtakiwa asiwasiliane nawe, yeye mwenyewe au kupitia watu wengine. Mahakama inaweza kutoa amri ya muda, na inatakiwa kuyaamua maombi katika siku 14. Maombi yanaweza kupelekwa hata nje ya saa za kazi, na mtu mwingine anaweza kuyapeleka kwa niaba yako. Mahakama pia inaweza kuiamuru kampuni ya simu itoe maelezo ya mwenye laini. Anayejificha nyuma ya nambari mpya kila wiki hajajificha kama anavyodhani. Akivunja amri, anakabiliwa na faini isiyozidi shilingi milioni moja au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili.

6. Usibaki peke yako. Mweleze mtu mmoja nyumbani na mmoja kazini. Wape jina au picha ya mtu huyo ikiwa unaijua. Kubalianeni neno la siri ambalo ukilituma maana yake ni "njoo sasa". Badilisha njia na saa za kutembea. Hofu ya muda mrefu huchosha mwili na akili. Kwenda hospitalini kuongea na mshauri si udhaifu.

Mambo mawili usiyafanye. Usilipe anayetishia kusambaza picha: akilipwa mara moja hurudi. Na usimwanike mtandaoni ili kulipiza kisasi, kwa kuweka picha yake, nyumba yake na nambari yake. Unaweza kukosea mtu, kuharibu kesi yako au kugeuka mshtakiwa.

FUNGA MILANGO YA SIMU YAKO

Kinga nyingi hazigharimu hata shilingi. Tenga nusu saa Jumapili jioni ufanye haya:

• Weka nenosiri refu, tofauti kwa kila akaunti muhimu. Sentensi fupi unayoikumbuka ni bora kuliko jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa.
• Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye WhatsApp, Facebook na barua pepe. Mtu akipata nenosiri lako hataweza kuingia bila nambari ya pili.
• Fungua WhatsApp, tazama vifaa vilivyounganishwa. Ukiona kompyuta usiyoijua, iondoe. Hii ndiyo njia rahisi zaidi ya mtu kusoma jumbe zako: anashika simu yako dakika moja tu ukiwa jikoni.
• Piga *#21# uone kama simu zako zinaelekezwa kwa nambari nyingine. Ukitaka kufuta maelekezo yote, piga ##002#.
• Piga *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoijua, iripoti kwa kampuni ya simu.
• Angalia programu zilizo kwenye simu na ruhusa zake. Tochi haihitaji kujua uko wapi, wala kikokotoo hakihitaji kusikia sauti yako.
• Zima kutangaza mahali ulipo. Picha ya chakula ikiwa na jina la hoteli, iweke baada ya kuondoka.
• Ukifanya biashara mtandaoni, tumia laini ya pili kwa wateja, na picha ya bidhaa badala ya uso wako.
• Usimpe mtu yeyote nambari ya siri inayotumwa kwa ujumbe, hata akisema anatoka kampuni ya simu.

Tahadhari moja kwa aliye katika ndoa au uhusiano wenye vurugu: ukigundua programu ya kukupeleleza, usiiondoe papo hapo. Anayekuchunguza atajua mara moja, na hasira yake inaweza kuwa hatari. Tumia simu ya mtu mwingine kutafuta msaada, panga pa kwenda, kisha uishughulikie.

KWA WAZAZI NA WALIMU

Sheria ya Watoto ya 2022 inataka mtoto alindwe dhidi ya dhuluma na unyanyasaji wa mtandaoni. Hata hivyo, sheria hufika baadaye. Mzazi yuko hapo mapema. Mtoto anayenyemelewa huonyesha dalili: anaficha simu unapokaribia, anashtuka ikilia, anaacha kwenda shule, ana vocha au zawadi zisizoeleweka zilikotoka.

Anayewawinda watoto hutumia mbinu moja. Hujifanya rika, husifu, hutuma kitu kidogo, huomba picha moja, kisha hutumia picha hiyo kudai nyingine. Kinachomfunga mtoto ni hofu ya kupigwa nyumbani. Mzazi anayesema mapema, "Hata ukikosea, njoo uniambie, sitakupiga," amemnyang'anya mwindaji silaha yake kubwa. Kumnyang'anya mtoto simu baada ya kusema ukweli humfundisha kutosema tena. Na usizihifadhi wala kuzisambaza picha za mtoto, hata kwa nia ya kutafuta msaada. Peleka simu yenyewe polisi.

KWA JIRANI, LIGURU NA CHIFU

Mzee wa mtaa huletewa mengi kabla polisi hawajasikia. Kesi ya unyemeleaji haifai kumalizwa kwa kumketisha mwathiriwa na mnyemeleaji chini ya mti wapeane mikono. Kikao hicho humpa mnyemeleaji alichokuwa akikitafuta: nafasi ya kukutana naye. Kazi ya liguru na chifu ni kusikiliza, kutunza siri, na kumsindikiza mwathiriwa kituoni.

Nawe jirani, ujumbe wa mtu mgeni ukikuuliza, "Huyo dada wa viatu anarudi nyumbani saa ngapi?" usijibu. Hifadhi ujumbe huo, umwonyeshe mwenyewe. Mnyemeleaji hutegemea midomo ya watu wema wasiojua wanachokisaidia.

Turudi Khayega. Tuseme binti yule amemwambia mteja hapana kwa maandishi, amehifadhi jumbe za miezi miwili, dada na jirani wamehifadhi zao, na daftari lake lina tarehe na saa. Sasa anapoingia kituoni hasemi "kuna mtu ananisumbua". Anaweka mezani nambari nne, kurasa saba na mashahidi wawili. Biashara yake haijafungwa, laini yake hajaitupa. Anayepaswa kubadilisha mwenendo ni yule anayemfuata.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA CHAMA, SHULE AU BARAZA

1. Ni alama zipi tatu zinazotofautisha unyemeleaji na ujumbe mmoja usio wa adabu?
2. Kwa nini ni vyema kuhifadhi ushahidi kabla ya kumzuia anayekusumbua?
3. Picha ya faragha ya mtu wa kijijini imeingia katika kundi lenu la WhatsApp. Kila mwanachama afanye nini, na msimamizi wa kundi afanye nini?
4. Mwanakijiji amemkosoa afisa wa kaunti kwenye Facebook kuhusu dawa kukosekana zahanatini. Je, huo ni unyanyasaji wa mtandaoni? Kwa nini?

NAMBARI ZA MSAADA

Polisi, dharura: 999, 911 au 112
DCI, kutoa habari bila malipo: 0800 722 203
Dhuluma za kijinsia, bila malipo: 1195
Watoto, bila malipo: 116
Visa vya usalama wa mtandao, Mamlaka ya Mawasiliano: incidents@ke-cirt.go.ke

Kata ukurasa huu uubandike dukani, kanisani, msikitini au kwenye ubao wa shule. Huenda anayeuhitaji hajamwambia mtu yeyote bado.